Shangazi Anajibu: Nawasalimu, Wananipita

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimekulia kijijini. Sasa nimepata kazi mjini na nimepanga chumba ghorofani. Nikipishana na watu kwenye ngazi nawasalimu. Wengine wananitazama kama nimewaomba pesa, wengine wanaguna macho yakiwa kwenye simu. Jirani tunayetazamana milango simjui hata jina. Usiku silali kwa kelele za magari. Ajabu ni kwamba nikienda kwetu likizo, siku ya tatu nimeshachoka: kila mtu anauliza nalipwa ngapi na nitaoa lini. Je, mimi ndiye mwenye tatizo?
Mpangaji wa ghorofa ya tatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Huna tatizo, na hao wa kwenye ngazi hawakudharau. Kijijini unakutana na watu wale wale, kwa hiyo ukimpita mmoja kimya, habari itamfikia mama yako kabla ya jua kutua. Mjini, toka mlangoni hadi kazini, unapita nyuso ambazo nyingi hutaziona tena. Ukisimama na kila mmoja, hufiki. Mwaka 1903 mwanasosholojia Mjerumani, Georg Simmel, alieleza kwamba mtu wa mji mkubwa hujikinga kwa kujitenga kidogo, kwa kuwa mambo yanayoivamia akili yake kwa siku moja ni mengi mno. Aliyasema hayo simu za mkononi hazijazaliwa! Na mwaka 1976 watafiti wawili waliopima mwendo wa watembea kwa miguu katika nchi kadhaa waliona kwamba mji ukiwa na watu wengi zaidi, watu wake hutembea haraka zaidi.

Lakini kujua sababu hakuondoi upweke, na upweke wako ni wa kweli. Salamu usiache, nakusihi. Ila usiwasalimu wote kwa uzito mmoja. Chagua wale mnaoonana tena na tena: huyo wa mlango wa pili, anayeanika nguo saa unayotoka, anayefagia ngazi. Kwa hao usiishie kwenye salamu. Sema jina lako, uliza lake, na kesho mwite kwa jina hilo.

Pia tumia siku za shida. Jengo ninaloishi, milango ilikuwa ikifungwa pu! kila mtu na lake, mpaka maji yalipokatika. Tulijikuta sote uani na ndoo, tumepanga foleni kwenye bomba moja. Mama wa chumba cha juu, ambaye nilizoea kusikia akikokota viti tu, alinishikia ndoo nikapumzisha mgongo, nikajua kwamba ana mapacha na kwamba viti wanavikokota wao. Tangu hapo viti havinikeri kama zamani. Basi umeme ukizimika, usijifungie ndani ukasubiri. Chukua tochi utoke ukumbini, uulize kama ni kwako tu.

Kuhusu usingizi, hapo nakuhurumia zaidi, maana jicho lina kope, sikio halina. Ukiwa usingizini mwili bado unaitikia honi, hata usipozinduka kabisa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza, kwa nchi za Ulaya, kelele za magari usiku zisizidi desibeli 45, na mazungumzo ya kawaida hufika kama 60. Hamisha kitanda kutoka ukuta unaotazama barabara. Ziba nyufa za dirisha na upenyo wa chini ya mlango, kwa kuwa hewa inapopita na sauti hupita. Najua utaniambia ukifunga dirisha utaungua kwa joto. Ni kweli, kuta na lami hunyonya jua mchana kutwa na kulitema usiku; Mwingereza mmoja, Luke Howard, alipima hali ya hewa ya London mwanzoni mwa karne ya 19 akaona usiku wa mjini ni wa joto kuliko wa mashambani. Kama una dirisha la nyuma, fungua hilo, la barabarani ulifunge. La sivyo, vizibo vya masikio.

Na hao wa nyumbani wanaokuhoji? Macho yale yale yanayohesabu mshahara wako ndiyo yanayogundua kwamba mlango wa mama yako haujafunguliwa leo. Jibu kwa ufupi, kisha geuza maneno: "Zinatosha, nashukuru. Ule mguu wako umepona?" Utaona mazungumzo yanavyohama.

SWALI: Shangazi, mimi nimefanya kinyume, nimehamia kijijini kutoka mjini. Fundi anasema kesho, anakuja baada ya wiki. Na usiku giza linanitisha.
Mgeni wa kijiji

JIBU: Giza kwanza. Jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea sawasawa, na ukiwasha tochi kali unaanza upya. Zima, tulia barazani, utaanza kuona njia. Fundi naye huenda ana shamba. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi atakwenda kupanda, maana udongo haungoji mlango wako. Kabla hamjapatana siku, muulize shamba limefikia wapi.