Kwa wapendwa mnaoanza kushuhudia mwaloni

Bwana Yesu asifiwe. Ninyi mnaojiunga na kikundi chetu mwezi huu, nawaandikia niliyojifunza katika miaka yangu ya kushuka mwaloni, pale ziwani mitumbwi ya wavuvi inapotua, Kirumba na Igombe.

Kwanza kila mmoja ajue kinachompeleka. Mimi kinachonipeleka ni uji. Mwanangu alilazwa wiki tatu, baba yake akiwa kisiwani anavua, nami sina ndugu hapa Mwanza. Akina mama wa kanisa la jirani, hata majina yao siyajui, wakapangiana zamu: huyu analeta uji alfajiri, yule anakaa na mtoto ili nifumbe macho kidogo. Hakuna aliyenihubiria. Siku ya kuruhusiwa nikawauliza, jamani, haya yote kwa nini? Mmoja akasema, "Na sisi tulifanyiwa." Imani yangu ilianzia hapo. Hadi leo nikisimulia habari za Yesu naanza na ile chupa ya uji, ya bluu, mfuniko wake umepasuka.

Nawaomba msiende na daftari la kuhesabu waliookoka. Mimi nilikwenda nalo mwaka wa kwanza. Asubuhi moja Igombe nilimsimamisha mama anayeanika dagaa, nikafungua Biblia, na wingu limeshatanda ziwani. Alinisikiliza kwa heshima, mkono wake ukiendelea kugeuza dagaa. Mvua ikatukuta hapo hapo. Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka wanaharibika, na wanaosalimika huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Yule mama alihitaji mtu wa kumshikia turubai, nami nilikuwa nimesimama naye mikono imeshika kitabu. Kesho yake nilirudi kumwomba radhi, nikaanika naye mpaka mchana. Mazungumzo ya Mungu yalikuja baadaye sana, na aliyeyaanzisha ni yeye.

Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyefika Kageye, huku huku kwetu, mwaka 1878, alikuwa fundi. Kazi yake ya mwanzo hapo ilikuwa kutengeneza mashua iliyoharibika. Naipenda sana habari hiyo.

Jueni pia majira. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa sababu hufuata taa. Mbalamwezi ikiwaka taa zinakosa nguvu, mitumbwi inapumzika, na wavuvi wanakaa kambini wakishona nyavu. Siku hizo ndizo zenu. Msalimie mtu kwa Kisukuma, Mwangaluka ikiwa asubuhi, usubiri aitikie, uulize habari za nyumbani kwake, kisha usikilize kweli.

Dini ya mtu isisemwe vibaya, hata kwa utani. Jirani zetu Waislamu wana imani yao. Ukiulizwa, eleza ulichotendewa. Akikataa, chai yake iko pale pale, maana urafiki si chambo. Wala asitokee kati yenu wa kumwambia mgonjwa aache dawa.

Wengi wenu mnaniambia hamjasoma Biblia vya kutosha. Someni Marko 5. Yule mtu aliyetolewa pepo alitaka kupanda chomboni aende na Yesu, akaambiwa arudi kwao akawasimulie jinsi alivyorehemiwa. Alikuwa na habari ya siku moja tu, na akatumwa nayo.

Mbalamwezi ijayo tunaanzia Igombe, saa mbili asubuhi. Njooni na kofia, na nguo ambazo hamtazihurumia zikinuka dagaa.