"Mwanga wa kasi zaidi" ni mwanga gani?

Swali: Naandika makala kuhusu wanasayansi wanaochunguza eksitoni kwa leza. Niseme "mwanga wa kasi zaidi" au "mwanga wenye kasi zaidi"? Na wingi wa eksitoni ni "maeksitoni"?

Jibu: La wingi ni jepesi. Eksitoni ni elektroni iliyopandishwa nishati na tundu iliyoliacha, vikiwa bado vimeshikana kwa mvuto wa chaji. Ifuate elektroni katika ngeli ya I-ZI: eksitoni imeundwa, eksitoni zimeundwa. Hiyo "ma-" iondoe.

Kuhusu mwanga, usiandike hata kimoja. Kosa hili nimelikuta mara nyingi mno, na linanikera kwa sababu linamdanganya msomaji. Katika ombwe, mwanga wote huenda kwa kasi ileile, uwe wa mshumaa au wa leza ya maabara. Leza hizo zinachotoa ni mpigo mfupi wa mwanga. Ufupi ni wa muda. Kasi ni mwendo. Anayevichanganya hawezi kueleza jaribio lenyewe linavyofanyika.

Tazama. Mpigo wa kwanza unaunda eksitoni katika utando wa molibdeni disalfidi, semikondakta (nusu-kipitishi cha umeme) ambayo tabaka lake moja halifiki unene wa nanomita 1. Mpigo wa pili unafuata kukagua kilichobaki. Huo wa pili unacheleweshwaje? Kwa kurefushiwa njia. Kioo kikirudishwa nyuma mikromita 15, mwanga unakwenda na kurudi mikromita 30 za ziada, na hapo umechelewa femtosekunde 100 hivi (femtosekunde moja ni sekunde moja iliyogawanywa mara trilioni 1,000). Hesabu hiyo inasimama kwa sababu mipigo yote miwili ina kasi moja! Ungekuwapo "mwanga wa kasi zaidi", kipimo chote kingevurugika.

Kilicho cha kasi ni tukio. Mwaka 2014 watafiti wa Berkeley, Marekani, walibandika tabaka la molibdeni disalfidi juu ya tabaka la tangsteni disalfidi, semikondakta nyingine, wakaona tundu likihama kutoka la kwanza kwenda la pili ndani ya femtosekunde 50. Basi andika "uchunguzi wa matukio ya kasi kwa mipigo mifupi ya mwanga". Ni maneno mengi, lakini kila moja lina kazi yake.

Na tafadhali, usinitumie "kufumba na kufumbua" hapa. Sehemu ya kumi ya sekunde, ambayo jicho halijamaliza hata kufumbuka vizuri, ina femtosekunde trilioni 100. Eksitoni hizo zimeundwa na kutoweka zamani.

Nafasi ya kichwa cha habari ikibana, "leza ya femtosekunde" naikubali bila kinyongo. Femto imetokana na neno la Kidenishi la kumi na tano, kwa zile nafasi 15 za desimali, na angalau inataja muda.