Mkurugenzi analeta mafunzo, simu ya usiku inabaki kwetu

SWALI: Habari za kazi, kaka. Niko kwenye shirika la kijamii hapa Columbus, Ohio, linalohudumia familia za wakimbizi, wengi wao Wakongomani wanaozungumza Kiswahili. Tuko wafanyakazi 22. Mkurugenzi na karibu bodi nzima ni Wazungu. Sisi tunaozunguka na familia ni Waafrika na Wamarekani Weusi. Vikao vya Jumatatu vimekuwa vya kulaumiana. Mwenzetu Mmarekani Mweusi akitaja ubaguzi, mkurugenzi analia, wiki inayofuata analeta mkufunzi wa siku moja. Sisi Waafrika tunaambiwa tunatumiwa kwa sababu tunanyamaza. Tutajuaje lipi ni ubaguzi na lipi ni uendeshaji mbovu? Tuanzie wapi?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nikuulize jambo moja kwanza. Saa nane za usiku, mama aliyefika wiki iliyopita akishikwa na uchungu, anampigia nani?

Najua jibu, kwa sababu nilikuwa napokea simu hizo kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kushauri mashirika. Usiku mmoja nilikaa wodini nikimkalimania mama mmoja mpaka alfajiri. Asubuhi nikaulizwa mbele ya wenzangu kwa nini nimechelewa kikaoni. Hakuna aliyenitukana wala aliyetaja rangi yangu. Lakini kazi ile ilikuwa imetuangukia sisi wenye lugha, haikuandikwa kwenye mkataba wa mtu yeyote, na ofisini haikuwa na jina.

Ndiyo maana swali lako la "lipi ni lipi" ni gumu kulijibu kikaoni. Mara nyingi rangi imejificha ndani ya uendeshaji mbovu wenyewe, na kuibaini kunahitaji karatasi. Kwa wiki nne, kila mmoja wenu aandike simu alizopokea nje ya saa za kazi: siku, saa, dakika ngapi, lugha gani, nani alimtuma. Kando ya hapo chora jedwali la vyeo: mshahara, mwaka wa kuajiriwa, nani amepandishwa, nani ana idhini ya kutumia fedha bila kuomba ruhusa.

Jedwali likionyesha watu wa kazi ileile na uzoefu uleule wanalipwa tofauti, na tofauti inafuata rangi au asili ya mtu, hapo mmeingia kwenye sheria. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, Sehemu ya VII, inawahusu waajiri wenye watu 15 na kuendelea, kwa hiyo shirika lenu limo. Malalamiko hupelekwa kwenye tume ya shirikisho ya fursa sawa za ajira, EEOC, ndani ya siku 180, au 300 kwa majimbo kama Ohio yenye tume yao wenyewe. Hesabu siku hizo tangu tukio lenyewe. Usisubiri mkutano wa upatanisho uishe. Na kama jedwali linaonyesha kila mtu wa cheo hicho amelemewa, Mzungu naye, basi mna tatizo la mgawanyo wa kazi. Litibuni kama hilo.

Msiogope kulinganisha mishahara. Sheria ya mahusiano ya kazi ya 1935 inawalinda wafanyakazi wengi, wa mashirika yasiyo ya faida wakiwemo, wanapozungumzia malipo yao kwa pamoja. Wasimamizi hawamo kwenye ulinzi huo, kwa hiyo angalieni nani anaongoza zoezi. Mshahara wa mkurugenzi hamna haja ya kuubahatisha: kwa kawaida umo kwenye fomu 990 ambayo shirika huijaza kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, na mtu yeyote ana haki ya kuiomba.

Kuhusu mafunzo, sipingi watu kujifunza. Ila mafunzo ya siku moja yanashughulikia nia za watu, na nia njema haipokei simu saa nane usiku. Na mkurugenzi anapolia, mwenyekiti wa kikao asiache hoja ipotee kwenye kumbembeleza. Asubiriwe kwa heshima, kisha hoja irudi mezani na iandikwe kwenye kumbukumbu, na jina la atakayeijibu.

Kuna neno nataka kulisema pia kwa upande wetu. Msimamizi akikurudishia ripoti ya familia kwa sababu haina tarehe, anafanya kazi yake. Tukiliita hilo ubaguzi, siku mwenzetu atakaponyimwa cheo kwa sababu ya rangi yake, sauti yake itakuwa imeshapunguzwa nguvu na sisi wenyewe.

Sasa hilo la Waafrika na Wamarekani Weusi, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Sheria ile ya 1964 inayokukinga wewe usibaguliwe kwa nchi ulikotoka ililipiwa kwa damu na jela za Wamarekani Weusi. Mwaka huohuo ujumbe wa SNCC, chama cha vijana waliopigania haki kusini mwa Marekani, ulizuru Afrika, na wawili kati yao, John Lewis na Donald Harris, walikutana na Malcolm X mjini Nairobi. Udugu huu una historia, haukubuniwa na mkufunzi. Basi mwite mwenzako pembeni, mnywe chai, umweleze kwa nini wengi wetu tunanyamaza: hati za ukaazi, ada za wadogo zetu nyumbani, hofu ya kuonekana hatuna shukrani. Naye umsikilize ni mara ngapi amesema peke yake kikaoni huku sisi tumeinamisha vichwa.

Halafu mwende kwenye bajeti, pamoja. Ukalimani ni huduma ya shirika, kwa hiyo posho ya lugha na zamu ya simu ya usiku viandikwe kwenye maombi ya ruzuku kama gharama halali. Anayelipwa kwa saa, dakika zake za simu ni saa za kazi, na zikivuka 40 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu. Mtaambiwa fedha hakuna, na kweli tangu upokeaji wa wakimbizi usimamishwe Januari 2025 mashirika mengi yamepunguza watu. Ndiyo sababu zaidi ya kuweka zamu: waliobaki ni wachache na simu hazijapungua.

Barua kwa mwenyekiti wa bodi isizidi ukurasa mmoja. Ambatisheni kumbukumbu za wiki nne, ombeni mambo mawili tu, zamu inayolipwa na ngazi ya mishahara iliyo wazi kwa wote, na muweke tarehe ya kujibiwa. Sahihi ya kwanza iwe yako, ya pili ya yule mwenzako.