Fizi zinazotoa damu na moyo wako

Daktari, nikipiga mswaki natema mate mekundu, hivyo nimeacha kugusa upande huo. Jirani anasema nitaugua moyo. Kweli? (Mama, Tanga)

Mama, ulipoacha kuusugua ndipo ulipokosea. Fizi inavuja damu kwa sababu ukoga umejibanza shingoni mwa jino. Rudi hapohapo na mswaki laini, asubuhi na usiku. Mara nyingi damu hukata ndani ya wiki mbili. Ukoga ukishakuwa mgumu kama chokaa, njoo kliniki tuukwangue.

Jirani hajatunga. Wenye ugonjwa wa fizi uliokomaa hupata zaidi shambulio la moyo na kiharusi, na bakteria wa kinywani wamekutwa kwenye mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa ya moyo. Ila Chama cha Moyo cha Marekani kilipopitia ushahidi mwaka 2012, kilikiri uhusiano upo, lakini haijathibitika kuwa fizi ndizo chanzo, wala kuwa kuzitibu kunazuia shambulio. Sigara na kisukari huharibu vyote viwili. Presha upime vilevile.

Nina vali ya chuma moyoni. Yangu iliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni. Jino linauma, niende kung'oa? (Kijana, 24)

Nenda, ila useme kabla ya kukaa kwenye kiti. Kuna kijana alinyamaza kimya. Nilipomfunga kitambaa ndipo nikaona kovu refu katikati ya kifua. Nikaweka koleo chini.

Jino likitoka, bakteria huingia kwenye damu, na vali ya bandia ni mahali wanapopenda kunasa. Maambukizi hayo huua. Ndiyo maana wewe unameza amoksilini (dawa ya kuua bakteria, ya jamii ya penisilini) gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa; kama penisilini inakudhuru, tuambie tubadilishe. Warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, usiiache kwa uamuzi wako, tunapima damu kwanza.

Tangu nianze amlodipine, dawa ya presha, fizi zimevimba, hata meno yanafunikwa. Ni dawa?

Huenda ndiyo. Usiikatishe, mwambie aliyekuandikia, zipo nyingine. Ukoga huzidisha uvimbe huo, kwa hiyo safisha.

Navuta sigara miaka 20 na fizi hazijawahi kutoa damu. Mimi mzima?

Sigara hubana mishipa midogo ya fizi, damu haionekani hata ugonjwa ukiwa umeshika mfupa. Jaribu kutikisa meno ya mbele kwa kidole. Yakicheza, usingoje yaume.