Kabla hujalipa, tunga ubeti

Dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, alipomaliza kufunga kamba za tripu ya kwanza, aliniuliza kwa adabu kabisa: "Mama, kwani nyumbani mko wangapi?" Nikamjibu tuko wawili, mimi na paka. Akautazama mzigo, akamtazama paka ndani ya kikapu, akanyamaza. Ila bei ya tripu ya pili hakunipunguzia.

Hiyo ni mwaka jana, nilipohama Mwanga kwenda Gungu, humu humu Kigoma. Nilifika mji huu 2019 kwa treni, nikashuka stesheni na mabegi mawili na godoro la kukunja. Reli yetu inaishia hapo. Wajerumani waliifikisha 1914, na ukitoka hapo mbele ni ziwa tu. Sasa mabegi mawili yaligeukaje kirikuu, tena tripu mbili? Nilikaa kibarazani kwenye nyumba mpya nikivitazama vitu vyangu kama mgeni aliyealikwa kwenye mnada. Blenda. Meza ya kupigia pasi. Sufuria seti nzima, ya saba haijawahi kuonja moto. Madumu ya mawese, moja limeganda mpaka rangi imebadilika. Na mashine ya kukaangia bisi, ambayo hadi leo sijui iliingiaje nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Tanga. Wanangu wawili wako vyuoni, na baba yao tuliachana kwa heshima. Habari zake hazimo humu. Kwa hiyo naishi peke yangu, na napenda kusema wazi kwamba silalamiki. Kuna raha ya kula ugali saa kumi jioni bila kuulizwa. Shida yangu ilikuwa Jumamosi. Siku za kazi nina watoto mia na zaidi wanaoniita "madam" mpaka kichwa kinauma. Jumamosi naamka, nafua, nadeki, ikifika saa nne sijamsikia mtu akitaja jina langu. Basi nachukua kikapu naenda sokoni.

Na sokoni, jamani, mtu hupokewa. "Karibu mwalimu! Leo umependeza. Wanao hawajambo? Ulipotelea wapi?" Maneno hayo yote ni ya bure, lakini mimi nilikuwa naona haya kuyachukua bure. Mtu kaniuliza habari za wanangu, nitaondokaje mikono mitupu? Nanunua sufuria. Ilinichukua miaka mitano na kirikuu moja kugundua kwamba sehemu kubwa ya mzigo ule nilikuwa nalipia salamu.

Dawa niliipata kwa utani. Usiku mmoja nilikuwa nasahihisha tungo za wanafunzi, na blenda mpya ya shilingi 65,000 ilikuwa mezani mbele yangu bado imevaa nailoni. Nikaandika pembeni ya daftari:

*Blenda nimeinunua, matunda sinayo ndani,*
*Yanguruma yasumbua, wa kunywa naye ni nani?*

Nikacheka peke yangu kwa sauti, paka akashtuka. Kisha sikucheka tena, maana swali la mwisho sikulikusudia. Nilikuwa natafuta kina cha *-ni* tu, nacho kikaja na swali lake.

Tangu hapo nikajiwekea sharti, na ndilo ninalokushauri wewe uliye peke yako na mwenye kadroo kalikojaa chaja: kabla hujalipa, kitungie kitu hicho ubeti. Tathnia inatosha, mishororo miwili, mizani (yaani silabi) nane kwa nane, vina vya kati vikutane na vya mwisho vikutane. Hesabu kwa vidole ukiwa umesimama hapo hapo dukani. Mimi huhesabu chini ya kanga ili muuzaji asidhani napiga dua. Tamaa ya kununua haina subira ya kungoja mizani. Dakika tano ukitafuta neno la silabi tatu, nusu yake imeshayeyuka. Na ile nusu iliyobaki, kina huilazimisha kusema kweli. Neno ulilolitaka halikai, unaleta jingine, na hilo jingine ndilo lenye siri yako. Ubeti ukikuchekesha, rudi nyumbani ukangoje mpaka Jumamosi ifuatayo. Ukikuhuzunisha, ngoja pia, lakini kwanza katembelee mtu.

Vitu vya lazima usivitungie. Chumvi, sabuni, dawa, nunua uende zako. Mimi niliwahi kuitungia gesi, nikang'ang'ana na kina cha mwisho huku maharage yamekatikia katikati ya safari. Tulilala na mkate.

Sasa dagaa. Hapa nitakaa kidogo, maana dagaa ndio walionifilisi.

Aliyekaa Kigoma anajua kwamba bei ya dagaa inakwenda na mwezi. Wavuvi hutoka usiku na taa, samaki wafuate mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazifui dafu, wengi hubaki nyumbani, na dagaa sokoni hupanda. Giza likirudi, ukisimama mlimani usiku unaona ziwa limewaka taa kama mji mwingine uko ng'ambo, na asubuhi kwenye mwalo wa Kibirizi kumejaa. Mwenye akili hununua wakati wa giza akaanika. Mimi nilikuwa nanunua nikisikia upweke, na upweke wangu, sijui kwa nini, ulipenda sana mbalamwezi.

Ikaja 2024, Serikali ikatangaza kulipumzisha Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Mji ukaingiwa na kiwewe, nami sikubaki nyuma. Nilinunua sado tatu, yaani vile vindoo vya kupimia. Mtu mmoja! Nilipiga hesabu ya familia niliyokulia Tanga, ya watu kumi na mmoja, ambako mama alipima kila kitu kwa jicho la watu kumi na mmoja. Mkono wangu haujajua bado kwamba wale kumi hawapo. Kufika Julai sado ya kwanza ilikuwa haijaisha, ya pili imeingia wadudu, na ya tatu nimeanza kuionea aibu kila nikifungua mlango wa stoo.

*Sado nzima ya dagaa, mlaji niko mmoja,*
*Paka kando amekaa, asema, "Mama, nangoja."*

Tatizo la mtu mmoja ni kwamba kununua kidogo kidogo nako ni ghali. Mafuta ya kupima, sukari ya robo, dagaa wa fungu: ukijumlisha kwa mwezi umelipa zaidi ya mwenye kununua jumla. Wanaokuambia "nunua kidogo tu, uko peke yako" hawajawahi kukaa na hesabu hiyo mezani. Nilichofanya nilipohamia Gungu ni kununua kwa shirika. Tuko watatu: mimi, kijana fundi simu aliyepanga chumba cha uani, na bibi jirani, Muha wa Kasulu, ambaye huniita "mwanangu" akiwa na haja na "mwalimu" akiwa amenuna. Sado moja, mafungu matatu. Bibi ndiye anayegawa, kwa heshima ya umri, na anagawa kwa polepole sana, huku akisimulia. Fungu lake huwa na kamwinuko kidogo. Nimeacha kulitazama. Yale mazungumzo niliyokuwa nikiyafuata sokoni kwa sufuria, sasa nayapata kwa dagaa kumi na tano wa ziada.

Vitenge sitaki kuvisema sana. Huu ni mji wa mpakani, vitenge vya Kongo vinaingia na maua ambayo Tanga hatujawahi kuyaota, na mimi ni binadamu.

*Kitenge nimekiona, chaniita jina langu,*
*Kabatini vyabanana, vya kale vina uchungu.*

Nilikinunua. Ubeti ulinikataza, nikakinunua hivyo hivyo. Siuzi uganga hapa.

Kuna ununuzi mwingine hauonekani, hautaki hata kikapu, nao ni ule wa kitandani. Mtu aliye peke yake usiku ana soko zima kiganjani. Kwanza bando, halafu ndani ya bando picha za sherehe za watu, halafu chini ya picha mtu anauza mazulia.

*Bando tena najiunga, saa sita za usiku,*
*Picha za watu nachunga, wamelala hata kuku.*

Kwa hili sharti la ubeti halinisaidii sana, maana simu yenyewe ndiyo niliyokuwa naitumia kuandikia. Nimehamia daftari la karatasi, na simu inalala jikoni, juu ya ile mashine ya bisi, ambayo hatimaye imepata kazi.

Kila mwaka huwa nawapeleka wanafunzi Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti. Watoto wanapenda zaidi miembe. Mzee yule alirudi Ujiji mwaka 1871 akiwa hoi, akitegemea kukuta mali aliyotumiwa, akaambiwa aliyekabidhiwa kaiuza yote. Hana kitu. Baada ya siku chache akaingia Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, na msafara wake, na mfuko wa barua. Stanley mwenyewe ameandika kwamba mzee aliupakata ule mfuko, akasoma barua moja mbili za wanawe, halafu akataka asimuliwe habari za dunia kwanza; nyingine zingengoja. Mwanafunzi wa mbele akaniuliza, "Madam, kwa nini hakuzimaliza?" Nikamjibu jibu la mtihani, sijui nini kuhusu subira. Kwenye daladala ya kurudi nikawa nafikiria blenda yangu. Livingstone angekuwa na blenda, nadhani angeiacha kwenye nailoni pia, ili mgeni asikatishwe maneno.

Lakini nisikudanganye kwamba kila ubeti unakataza. Mmoja ulinituma dukani mbio. Nilikuwa na kiti kimoja. Katika tripu mbili za mzigo, kiti kilikuwa kimoja! Na hicho kimoja paka alishakimiliki. Bibi alipokuja siku ya kwanza kunikaribisha mtaani nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, kisha akasimama, akamtazama paka, paka naye akamtazama, na hakuna aliyekubali kushindwa. Bibi akakaa juu ya dumu la mawese. Nilitamani ardhi ipasuke.

*Kiti kimoja mezani, cha pili nimekitaka,*
*Jirani akija ndani, asigombane na paka.*

Nilikwenda kwa fundi seremala siku ile ile bila kungoja Jumamosi. Kiti cha mninga, kizito, cha kudumu. Ndicho kitu pekee nilichonunua mwaka jana ambacho sijawahi kukionea haya. Tangu nikipate nimejifunza kuuliza swali dogo kabla ya kuhesabu mizani: kitu hiki kitamketisha nani? Sufuria ya saba haikuwa na jibu.

Upweke wenyewe, ukiacha kuulipia, si mbaya hivyo. Jumapili jioni nikiwa na nguvu hushuka upande wa Katonga, nikatafuta jiwe. Jua la Kigoma huzama ng'ambo, nyuma ya milima ya Kongo, na maji yanabadilika rangi mara nne au tano kabla ya kuwa meusi. Chini ya maji hayo wanasema kuna kina cha mita 1,470 pale pakubwa zaidi. Huwa nawaza sufuria yangu ikizama, ingechukua muda gani kufika. Siku ya kwanza nilikwenda na simu, nikapiga picha thelathini, nikarudi sikumbuki hata rangi moja. Sasa naenda na karanga za mfuko mmoja, na hizo sizitungii.

*Jua lazama ziwani, wala halidai bei,*
*Naketi zangu jiweni, nanyamaza, siongei.*

Huo ndio ubeti pekee ninaoujua kwa moyo.

Sasa, jana nimepita duka moja Mwanga nikaona redio. Ndogo, ya kuchajiwa kwa jua, ina taa mbili na mkono wa kuibebea. Muuzaji hakuniita wala kunisalimu, alikuwa anakula, kwa hiyo siwezi kusingizia salamu. Nimerudi nayo kichwani, na leo baada ya kazi nimekaa na daftari:

*Redio naitamani, ile yenye taa mbili,*
*Sauti ije nyumbani, nyumba iwe na wawili.*

Mizani imetimia, vina vimekaa. Nimeusoma mara tatu, nikauona ulivyo. Leo ni Alhamisi, Jumamosi iko mbali, na duka linafungwa saa mbili. Nimejitanda kanga, navuka kwenda kwa bibi. Yeye redio anayo, na juzi kaweka betri mpya.