Wadogo zangu, kabla ya Silicon Savannah someni logi (kumbukumbu za mfumo)

Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja jioni, mwanagenzi wetu mpya aliniuliza kama Kenya, hii tunayoiita Silicon Savannah, inaweza kuwa kitovu kikuu cha teknolojia duniani. Ni kijana mwerevu, ingawa ameshaniudhi mara tatu tangu aripoti. Aliniuliza huku kidole kikielekea kupandisha mabadiliko ya programu laivu, yaani kwenye mfumo unaotumiwa na wateja. Ijumaa, na wikendi hakuna wa kuuangalia! Nikamwambia atoe mkono kwenye kibodi kwanza, ndipo tuongee. Kila mwaka narudia hotuba hii, basi safari hii naiandika.

1. Sifa zetu ni za kweli, ila zisomwe mpaka mwisho. M-Pesa ilianza Machi 2007. Ushahidi, jukwaa la kuripoti ghasia kwenye ramani, ikazaliwa mwanzoni mwa 2008, nchi ikiwa inaungua baada ya uchaguzi. Nyaya za intaneti za baharini zikafika Mombasa 2009, na mwaka uliofuata iHub, ukumbi wa wabunifu wa teknolojia, ikafungua milango Ngong Road, Nairobi. Lakini seva za M-Pesa zilikaa Ujerumani hadi 2015. Miaka minane yote hiyo fahari yetu ililala ugenini. Kwa hiyo mtu akikwambia tumeshafika, muulize data inalala wapi.

2. Konza, ule mji wa teknolojia unaojengwa, mnaipenda sana. Hakuna hakathoni, yale mashindano ya kuandika programu, isiyokuwa na slaidi ya ile minara. Sawa, ekari 5,000 si mchezo, na tangu Kibaki azindue ujenzi Januari 2013 kuna kazi imefanyika. Mimi nasema tu kwamba mnara haujui kama umehifadhi namba ya muamala. Jambo hilo nililijua kwa machozi.

3. Kimya si jibu. Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, ilikuwa mpya, nami nilikuwa mpya kuliko Daraja. Nilipewa kuandika programu ya malipo ya B2C, yaani kutoka kampuni kwenda kwa mtu, kwa wafugaji wa maziwa mia tatu na kitu. Nikaandika hivi: tuma, ngoja sekunde thelathini, matokeo yasipokuja tuma tena, mwisho mara tatu. Kwenye majaribio kila kitu kilijibu fasta, nikawa napiga mluzi. Mwisho wa mwezi tukaenda laivu. Anwani ya kupokelea matokeo nilikuwa nimeiacha ile ya seva ya zamani, iliyokwisha kuzimwa. Malipo yakapita vizuri kabisa. Matokeo yakarudi, yakakuta nyumba haina mtu. Programu yangu ikaona kimya, ikatuma tena. Kisha tena, kwa utiifu kama nilivyoiagiza. Kufikia chai ya saa nne floti, yaani pesa tulizoweka za kulipia, ilikuwa imekauka, na mimi bado najisifu kwa mwenzangu jinsi mfumo ulivyo na kasi.

Aliyenishtua ni mama mmoja aliyepiga simu ofisini: “Mwanangu, nimelipwa mara tatu. Na ng'ombe wangu ni yule yule.” Nikahisi miguu si yangu.

Mama huyo alirudisha pesa siku hiyo hiyo. Wengine walizima simu. Mzee mmoja alikuwa ameshanunua mabati, na kwa heshima kubwa akaniuliza kama nataka aje nayo. Bosi hakunigombeza, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Alichapisha orodha, akaniwekea kredo, akasema: “Wapigie.” Wiki mbili nilikuwa mtu wa kuomba radhi, nikipatana na wafugaji wakatwe kidogo kidogo kwenye maziwa ya miezi iliyofuata. Orodha ile ninayo hadi leo, ina alama za kalamu nyekundu na doa la chai.

Dawa yake ni fupi: hifadhi namba ya kipekee ya kila malipo kabla ya kutuma, na uliza hali ya muamala kabla ya kurudia.

4. Nywila haziingii Git, ghala letu la msimbo. Logi zina saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, msinipigie usiku kuniambia muamala umetokea kabla ya wakati wake.

5. Sasa swali la kijana. Kuwa wa kwanza duniani sikuoni karibu: chipu tunazotumia nyingi zinatengenezwa nje, na mtaji mwingi wa kampuni zetu changa unatoka nje. Lakini kwa pesa za simu, wageni wamekuwa wakija kujifunza kwetu tangu mkiwa shule ya msingi. Hawakuvutwa na slaidi. Walivutwa na mama wa maziwa kuamini kwamba pesa ikiingia, imeingia.

Kijana alinuna, akaenda nyumbani. Jumatatu tukafungua mabadiliko yake pamoja. Anwani ya matokeo ilielekea kwenye laptopu yake mwenyewe, ambayo wikendi nzima ilikuwa ndani ya begi, imezimwa.