Jibu: Kwa nini njia panda ile ya Mombasa yaitwa Kengeleni?

Ndugu yangu, umeuliza jina la Kengeleni limetoka wapi na kama kengele ipo kweli. Ipo. Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani, uifuate barabara ya Malindi kidogo tu, utaiona imening'inia kwenye mnara wake mdogo. Matatu zapiga honi chini yake kutwa, na wengi hawainui hata macho.

Zamani hapo palikuwa mashamba. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Uingereza wa kufunga soko la watumwa Unguja. Mjumbe wa Waingereza alikuwa Bartle Frere. Miaka miwili baadaye wamisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana la Uingereza, wakaanzisha hapo kijiji cha watumwa walioachiwa huru, wakakiita Freretown, kwa jina la Frere.  Kundi la kwanza kushika kazi walikuwa Wabombei: Waafrika waliookolewa majahazini wakasomeshwa Bara Hindi, wakarudi na ufundi na ualimu.

Kengele, wazee husimulia, ililia kuwaonya watu wakimbilie usalama majahazi ya watumwa yakionekana. Kanisa la Emmanuel liko hapo karibu, lipitie pia.